Siku Mkwe Wangu Alipochagua Springi

Binti yangu wa nne aliumia mgongo kwa ajali ya bodaboda, karibu na soko la Busia. Alilala miezi mitatu. Daktari wa Tororo alisema mguu wa kushoto unaweza kurudi, ila kila wiki apelekwe hospitali akanyooshwe. Akikosa wiki nyingi, mguu utakauka na hatatembea tena. Aliyasema hayo mbele yangu na niliyashika vile vile alivyoyatoa.

Mume wake ana gari, pikapu ya zamani ya milango minne, ile inayovuta kwa magurudumu yote. Nyuma amefunga mashine ya kupukuchua mahindi pamoja na injini yake. Mavuno yakifika anazunguka nayo Lunyo yetu nzima, na watu wa Mwello wakimwita anakwenda mpaka huko. Mavuno yakiisha mashine inashushwa, inawekwa chini ya bati, kuku wanaipanda. Uzito wake kwa kilo siujui, mimi nilisoma mpaka darasa la tatu tu. Ninachojua ni kwamba siku ya kwanza iliinuliwa na wanaume sita, na hao sita nawajua mmoja mmoja kwa jina lake na la baba yake, na wawili kati yao hawakwenda shamba kesho yake kwa sababu ya viuno. Majina yao siyaandiki, wenyewe bado wapo.

Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawaangaliani usoni. Sishiki mkono wake. Sili mahali anaponiona. Gari lake sipandi. Nikiwa na neno naye linapita kwa mtu, na yeye hivyo hivyo. Pasta alishatuhubiria kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati, na siku hiyo hiyo baada ya ibada nilimwona mama pasta anazunguka nyuma ya kanisa asikutane na mume wa binti yake. Kwa hiyo kila wiki wao walitangulia na gari, mimi nikafuata na taksi ya abiria, nikamkuta binti yangu kwenye benchi ya hospitali.

Mwezi wa nane, mavuno yakiwa yanaelekea kuisha, gari lilikuwa limechoka nyuma. Lilikaa kama kuku anayetaga. Kwenye kinamasi cha njia ya kwenda Tororo bomba la moshi liligonga jiwe, na binti yangu aliniambia alisikia mgongo wote ukiitikia. Siku hiyo, baada ya kunyooshwa, mkwe wangu alilipeleka gari, mke wake akiwa ndani, kwa fundi mmoja pale Tororo, nyuma ya soko, mahali ukiinua macho unaona ule Mwamba wa Tororo wote. Nikafuata kwa miguu. Nikakaa kwenye ubao karibu na mageti yaliyokuwa yanachomelewa, nikawapa mgongo, nikavuta leso mpaka kwenye paji. Binti yangu alikuwa amelala kiti cha nyuma, mlango wazi upande wangu, tungeweza kunong'onezana.

Fundi aliingia chini ya gari, akatoka, akapangusa mikono.

"Mzee, hii springi imelala kabisa. Iko njia mbili. Naweza weka kipande ya chuma hapa, gari inapanda juu. Lakini springi inabaki ile ile. Hiyo ni kuvalisha mzee viatu ya kisigino."

Mkwe wangu alicheka. "Na ya pili?"

"Ya pili, nakupa springi mpya. Inakuinua inchi mbili, hata kinamasi unapita. Lakini springi inachaguliwa na mzigo, si na macho. Iko ya kati, iko ya mzigo nzito. Hii nzito inataka kubeba. Ukiipa mzigo inatulia kama kitanda. Ukiinyima, inarusha watu kama mbuzi. Sasa niambie kweli, hii mashine iko hapa siku zote, ama msimu peke yake?"

Sikugeuka, lakini nilijua mkwe wangu ananiangalia kisogo. Mwanamume wa kwetu hawezi kusema masikio ya mama mkwe yakiwa karibu kwamba kazi yake inalala miezi chini ya bati na kuku juu. Hata mimi ningekuwa yeye ningesita.

"Siku zote," alisema. "Kazi iko siku zote."

"Basi iko rahisi. Nzito."

Mimi nilikuwa najua. Mashine ingeshushwa baada ya wiki mbili, isipande tena mpaka mwezi wa kumi na mbili. Miezi yote katikati gari lingekuwa linabeba mtu mmoja mgonjwa na dereva wake. Nilijua hata akina nani wangekuja kuishusha. Jibu la fundi lilikuwa kinywani mwangu, neno moja tu, msimu, na sikuwa na njia ya kulitoa bila kumwaibisha mkwe wangu.

Niliinamia mlango. "Mwambie mume wako achukue za kati."

Binti yangu alikuwa anaangalia paa la gari. "Mama, acha."

"Umesikia alichosema huyo? Zitakurusha."

"Nimesikia. Mtu ananibeba kwa mikono kila asubuhi, ananipeleka chooni, ananileta huku kila wiki. Sasa nimpangie na springi? Tena mbele ya fundi, nimwambie amedanganya?"

"Si kudanganya. Ni kusahau."

"Basi mkumbushe wewe."

Aliposema hivyo alicheka kidogo, akashika mgongo, maana hata kucheka kulikuwa kunamuuma. Fundi alitusikia, akaniita jaja, yaani bibi.

"Jaja, mnasemaje huko? Na wewe unataka kuinuliwa inchi mbili?"

Nilivuta leso zaidi. Alimgeukia mkwe wangu. "Huyu jaja amenikasirikia?"

"Hapana. Ni mama wa mke wangu. Anatuheshimu."

"Mimi sijaona heshima ya kuangalia ukuta," fundi alisema, akaita watu wake waanze kufungua.

Kazi ilichukua mpaka alasiri. Springi za zamani waliziweka kando na papo hapo mhunzi mmoja akaja kuzipima kwa vidole, akazibeba kwenda kuzifanya mapanga. Gari likasimama sawa, mbele na nyuma, mashine juu yake kama haina uzito. Lilikuwa zuri, lazima niseme. Mkwe wangu alilizunguka mara tatu. Kisha nikamsikia anamwambia fundi, "Mwambie mama gari iko sawa."

"Si yuko hapo? Mwambie mwenyewe."

"Wewe mwambie."

"Jaja, gari iko sawa."

"Mwambie nimeona," nilisema.

Fundi alitikisa kichwa, nadhani mpaka leo anawasimulia watu.

Wiki mbili zile zilikuwa nzuri. Nilipomkuta binti yangu hospitali aliniambia amelala usingizi njiani, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea. Nesi alimsimamisha akapiga hatua nne ameshika chuma, na ya tano akaipiga bila kuambiwa. Mimi nilihesabu kwa sauti kama mtoto wa shule.

Halafu mashine ikashushwa.

Wiki iliyofuata niliwatangulia kufika. Gari lilipoingia getini nililiona linadunda hata kwenye lami, matako juu. Mkwe wangu alishuka shati limelowa jasho, akasimama upande wa pili ili nipite. Binti yangu alikuwa ameuma mdomo mpaka damu. Gari sasa lilikuwa refu pia, hakuweza kukanyaga chini, ilibidi abebwe kama gunia, mikono chini ya mapaja na kwapa. Nilitaka kushika miguu. Lakini mkono wangu ungegusana na wa mkwe wangu, naye akiniona nasogea angemwachia mke wake ili arudi nyuma. Nikasimama na pochi ya binti yangu mkononi. Siku hiyo nesi hakumnyoosha, alimwacha alale tu mpaka maumivu yashuke, safari ikaishia hapo.

Mkwe wangu si mjinga wala si mkatili. Wiki iliyofuata alijaza magunia ya mchanga, akayapanga nyuma pale mashine ilipokuwa. Gari likatulia. Lakini mvua za mwezi wa tisa zilikuwa zimeanza, na kwenye kinamasi gari zito likazama mpaka kwenye ekseli. Magurudumu manne yakazunguka yote na halikutoka. Watu walishusha mchanga gunia kwa gunia, wakavuta kwa kamba, na binti yangu yuko ndani, mlango haufunguki kwa matope, tangu asubuhi mpaka saa nane mchana. Hospitali hawakufika. Mimi nilikuwa Tororo kwenye benchi, nikiuliza kila gari linaloingia.

Hivyo ndivyo tulivyobanwa. Likiwa tupu linamvunja, likiwa na mzigo linazama. Bodaboda hawezi kukaa, na taksi hazishuki huku mvua ikinyesha, mimi hutembea mpaka barabara kuu kuzipanda.

Nilimwita shemeji yangu, ndugu wa marehemu mume wangu. Nikamwambia aende kwa mkwe amwambie arudi kwa fundi, aombe springi za kati, aseme tu kazi imepungua, hakuna atakayemcheka. Nilimweleza mara mbili. Alikwenda, akala kuku, akarudi jioni.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia unamsalimia sana."

"Na springi?"

Alivua kofia, akaikunja. "Mama wa watoto, neno la lawama kutoka kwa mama mkwe nalibebaje? Likifika pale halisemi springi tena. Litasema unamtaka binti yako arudi nyumbani. Mimi nianzishe hilo?"

Alikuwa anasema kweli. Ningekuwa mimi nimetumwa ningerudi na salamu vile vile.

"Amejibu nini?"

"Anasema asante. Na yeye anakusalimia."

Sasa wameamua wenyewe, mke na mume, kwamba safari za hospitali zingoje mwezi wa kumi na mbili. Barabara itakuwa kavu, mashine itapanda, gari litatulia. Binti yangu aliniambia kwa sauti ya mtu anayepanga arusi. Nilimuuliza kama daktari anajua. Akasema daktari hana shamba.

Mahindi yamefika magotini. Wiki alizokosa ni tano, na hii ya sita.

Mkwe wangu akitoka na gari, mimi naingia kwa binti yangu. Nimekariri alivyokuwa anafanya nesi: mkono mmoja chini ya kisigino, mwingine juu ya goti, unasukuma polepole mpaka mgonjwa aseme basi, unahesabu kumi, unaachia. Mwanzoni alikuwa anasema basi mapema na kwa ukali. Sasa nasukuma na hasemi. Namuuliza, unasikia? Anasema endelea tu, mama. Nikiulinganisha na wa kulia, mguu huo umekuwa mwembamba pale juu ya goti, viganja vyangu vinauzunguka.

Juzi nilikuwa nimefika kuhesabu sita niliposikia gari linakuja, linadunda kwenye mashimo ya njia ya nyumbani. Niliweka mguu wake juu ya mto, nikaufunika shuka, nikatoka kwa mlango wa jikoni kabla hajazima injini. Nilisimama nyuma ya nyumba nikingoja aingie. Kupitia dirishani nilimsikia anamuuliza mke wake, "Leo mguu unaendeleaje?" na binti yangu akamjibu kwamba unaendelea vizuri.