Pete ya Mzinga wa Fundi Manuk

Fundi Manuk alikijua chuma kuliko alivyowajua watu. Alikuwa Muarmenia wa hapahapa Erzurum, mji wa Waturuki karibu na mpaka wa Warusi, mtoto wa mtengeneza makufuli, na tangu jeshi la Sultani lilipoletewa mizinga ya feleji kutoka Ujerumani, yeye ndiye aliyeitwa ilipoharibika. Mizinga yetu ya zamani ya shaba haikuwa na siri. Hii mipya ilijazwa kwa nyuma, ikafungwa kwa kabari yenye pete nyembamba ya kuzuia moto. Pete ikichakaa, moto unamrudia mpigaji.

Mwanzoni mwa baridi, Warusi wakiwa karibu, alikuja ngomeni kukagua. Akapitisha kidole kwenye pete ya mzinga wetu. "Huu usipigwe. Pete imeliwa."

Sajini Fazli akamtazama juu mpaka chini. "Jana ulisema ule wa kushoto. Leo huu. Kesho tuwarushie mawe, siyo?"

"Afande, nipe siku mbili nichonge nyingine."

"Wewe na Warusi mnausujudia msalaba mmoja. Nitajuaje hukuikwaruza mwenyewe?"

Mimi, mmoja wa wapigaji, nilikuwa nimemwona Fundi akitia kitu mfukoni, nikamnong'oneza Sajini. Fundi akapekuliwa mbele ya watu wote. Kilikuwa kipande cha jibini. Askari wakacheka, mimi nikatazama viatu vyangu.

Siku mbili alichonga kwa tupa, bunduki ya mlinzi ikimwelekea mgongoni. Pete ilipokaa, akafunga karatasi nyeupe kwa uzi kwenye mwanya wa kabari. "Moto ukivuja, itaungua. Mtaona wenyewe."

"Vuta kamba wewe," Sajini akasema. "Sisi tuko nyuma ya ukuta."

Akaivuta kamba ya kufyatulia. Ngome ikatikisika. Karatasi ikabaki nyeupe. Sajini akaigeuza, akainusa. "Umeipaka nini?"

"Basi leta ya kwako."

Sajini akachana ukurasa wa daftari lake, akaufunga kwa mkono wake mwenyewe. Mzinga ukapigwa tena, na ukurasa nao ukatoka mweupe. Hakuomba radhi. Alisema tu, "Huyu asiondoke mpaka vita viishe," na mpaka leo sijui kama ilikuwa heshima au kifungo.

Mzinga ule ulipiga siku nzima ya shambulio la Warusi na hakuna aliyeungua. Baadaye mji ulikabidhiwa Warusi kwa mkataba, nao wakamhoji Manuk wiki nzima: kwa nini aliwatengenezea Waturuki mizinga? Walipoondoka mjini, majirani wakaanza kuuliza aliwaambia nini Warusi. Akaamua kuhama.

Nilimkuta akipakia gari la ng'ombe. Nikamwambia, "Fundi, mimi ndiye niliyekusema kwa Sajini."

"Nilijua," akasema, bila kugeuka. "Mshike huyu ng'ombe, hatulii."

Nikaishika kamba mpaka alipomaliza kufunga fuawe yake ya kufulia chuma.