Arlys na Tundu la Sita

Alhamisi asubuhi nilikuwa nimeinama uani kwangu, kwato la farasi wa mteja liko mapajani mwangu nikilipigilia kiatu cha chuma, nikasikia gari la Arlys Hegstad linaingia kwa kasi. Arlys haendeshi kwa kasi. Ana miaka sitini na mitatu, amewapikia watoto wa shule ya Kerrick tangu wazazi wao wakiwa wanafunzi, na akishika usukani utadhani amepakia sufuria ya mchuzi kwenye kiti cha mbele. Nikajua kuna jambo.

"Wendell, weka hiyo nyundo chini," akasema kabla hajashuka. "Bastola yangu ya pili imepasuka fremu."

"Imepasuka vipi?"

"Imepasuka kama vitu vinavyopasuka. Na Jumamosi ni keshokutwa."

Sikuhitaji kuambiwa zaidi. Jumamosi ndiyo siku ya maputo kwenye maonyesho ya kaunti. Unaingia uwanjani juu ya farasi na bastola mbili kiunoni, kila moja ina matundu sita lakini risasi baridi tano tu, na maputo kumi yamesimamishwa juu ya vijiti: matano kwenda, unazunguka pipa mwisho wa uwanja, matano kurudi. Risasi haitoki, ni baruti tu na cheche za moto zinazolipasua puto lililo hatua chache kutoka kwako. Nyundo ya bastola, kile kichuma cha nyuma kinachogonga risasi, unaivuta kwa kidole gumba kila unapopiga, mkono mmoja uko kwenye hatamu, na farasi anakimbia. Saa inahesabu, na kila puto unaloliacha linakuongezea sekunde tano.

Wanaoshinda ni vijana wenye farasi wa bei ya nyumba. Arlys hakuwahi kutaka kushinda. Alichotaka ni mbio moja safi, maputo yote kumi, juu ya Pickle, farasi wake jike. Misimu tisa alikuwa hajaipata. Maputo tisa ameyapiga mara nyingi mpaka watu wakawa wanamwita Mama Tisa, na yeye anacheka nao, lakini mimi ninayemfahamu najua kicheko kile kilikuwa cha mdomoni. Sasa Pickle alikuwa na miaka ishirini na miwili. Daktari wa mifugo alishasema, maonyesho ya mwaka huu ndiyo ya mwisho kwake kukimbia. Kwa hiyo ilikuwa Jumamosi hiyo au basi tena.

Na mimi ndiye ninayemjazia bastola mezani kabla hajaingia uwanjani, miaka yote tisa. Nilimwacha yule farasi na viatu vitatu nikapanda gari la Arlys. Mwenye farasi bado ananinunia.

Duka la Delmar Rausch linauza bunduki upande mmoja na chambo cha samaki upande wa pili. Delmar alitandika taulo juu ya kaunta, akaweka bastola mbili, na ile mpya akaisogeza mbele.

"Hii imetoka kiwandani mwaka juzi," akasema. "Nyundo ina mgongo mpana, springi laini. Ndani ina kizuizi, nyundo haigusi risasi mpaka uvute triga mwenyewe. Hata ukiiangusha kwenye jiwe, hailii."

"Na hii nyingine?"

"Hiyo kuukuu." Hakuigusa hata kwa kidole. "Imetengenezwa kabla sijaoa. Ni ya namna ile ya zamani, lazima tundu la sita libaki tupu chini ya nyundo, la sivyo siku ikidondoka utajipiga mguu. Hutaitaka, Arlys."

"Ilikuwa ya nani?"

Delmar akafuta kaunta iliyokuwa safi. "Ya mtu mmoja hivi."

Nilitazama pembeni ili nisicheke. Kerrick nzima inajua kwamba Delmar mwenyewe alipiga maputo kwa bastola ile miaka kumi na minne, mpaka nyonga yake ilipogoma kupanda farasi. Sijawahi kumwona muuza duka anayeikandia bidhaa yake kwa bidii namna ile.

Arlys akaishika ile kuukuu. Akaivuta nyundo polepole, ikalia mara nne, kila mlio peke yake. Uso wake ulichangamka mpaka akaonekana msichana. Lakini kwenye ule mlio wa nne niliona midomo imebana. Gumba lake la kulia lina baridi yabisi, kiungo kimevimba, na asubuhi hata kifuniko cha chupa ya maziwa kinamshinda. Akajaribu ile mpya. Nyundo ikaja bila ubishi.

"Chukua mpya," nikasema.

"Kuna mtu amekuuliza?"

"Sijaulizwa, lakini macho ninayo. Hilo gumba lako halifiki puto la kumi na hicho chuma cha kale."

"Gumba ni langu, kijana." Mimi nina miaka hamsini na moja.

Mwishowe akachukua mpya. Nilifurahi kama kawaida yangu ninapokuwa nimesikilizwa, na njia nzima nilimweleza jinsi tulivyofanya la maana. Jambo moja tu sikulipa uzito: Delmar aliifunga ile kuukuu ndani ya kitambaa chekundu na kuitia chini ya kaunta kabla hatujafika mlangoni.

Ijumaa asubuhi tulifanya mazoezi malishoni kwake. Nilisimamisha maputo kumi na pipa, nikajaza bastola zote mbili, na Pickle akatoka mbio masikio yakiwa mbele. Yule farasi hajui kwamba ni mzee. Bastola ya kwanza, ile aliyonayo siku zote, maputo matano chini. Akalizunguka pipa, akachomoa ile mpya. La sita, la saba, halafu nikasikia nyundo inagonga kavu. Puto la nane likabaki linanesa kwenye kijiti chake.

Arlys alirudi taratibu, akasimama mbele yangu.

"Uliruka tundu?"

"Niliruka."

"Uliruka wapi, Wendell?"

Nitasema kilichotokea, maana kosa lilikuwa langu. Sisi wa bastola za zamani tunajaza kwa kuhesabu: moja, ruka, nne. Unaweka nyundo nusu, unafungua kimlango cha ubavuni, unatia risasi moja, unaruka tundu, unatia nne, unavuta nyundo mpaka mwisho na kuishusha pole, nayo inalala juu ya tundu tupu. Hatutazami. Silinda, lile gurudumu la matundu, inalia kila tundu linapofika mlangoni, sikio linahesabu. Ile mpya unaijaza nyundo ikiwa imelala, na mlio wake unakuja tundu likiwa limeshapita. Mikono yangu ilisimama pale ilipozoea kusimama, ikapitiliza, ikazungusha tena, na tundu tupu likaenda kukaa mahali ambapo halina kazi. Badala ya kuwa chini ya nyundo, likaja kwenye zamu ya puto la nane.

Arlys hakunigombeza. Angenitukana ningepata nafuu.

"Unaweza kuizoea mpaka kesho?" akauliza.

"Naweza."

"Wendell."

"Labda," nikasema.

"Twende kwa Delmar."

Tulimkuta anakula mkate na soseji. Ile kuukuu ilikuwa mbele yake imefunguliwa, imepakwa mafuta, inang'aa. Alipotuona alijaribu kuifunika na gazeti.

"Hiyo nimeitoa kwenye biashara," akasema mdomo umejaa.

"Tangu lini?"

"Tangu jana."

"Nipe risasi za bandia," Arlys akasema. "Sijasema nanunua. Nataka kujaza tu."

Akafumba macho. Ile mpya aliijaza mara tano, na mara tatu tundu tupu halikuwa chini ya nyundo. Halafu akavuta ile kuukuu. Moja, ruka, nne. Mara tano, na mara zote tano tundu lilikuwa mahali pake. Sisi wanaume wawili tulikuwa tumeinama juu ya kaunta tunasikiliza.

"Gumba litakuuma," nikasema. Sauti yangu haikuwa ile ya Alhamisi.

"Litaniuma sekunde thelathini. Kukimbia bila kujua tundu liko wapi kutaniuma kuanzia sasa hivi mpaka kesho mchana." Akamgeukia Delmar. "Ni yako, si ndiyo? Kama huwezi kuiacha, sema. Nitaondoka na hii mpya na sitakuwekea kinyongo."

"Hiyo mpya ni bora, Arlys."

"Najua ni bora. Nimeuliza hii."

Delmar alimeza mkate wake. Alimtazama, akanitazama, akaitazama bastola, na nilimwonea huruma kweli, mzee wa watu.

"Nyundo yake ukiivuta haraka sana inakwama," akasema mwishowe. "Usiifanyie pupa. Isikilize ifike mlio wa nne." Akachukua fomu, akapiga upya simu ya kuomba ruhusa ya kuuza bastola kama sheria inavyotaka, na mkono wake ulikaa juu ya kile kitambaa chekundu mpaka simu ilipojibiwa.

Jumamosi. Ningependa kusema nilikuwa mtulivu. Tangu alfajiri nilikuwa nimekunywa kahawa vikombe vitano. Uwanja umejaa, vumbi, harufu ya chislic, vile vinyama vya kondoo vya kukaangwa, na kipaza sauti kinakoroma. Delmar alikuja na fimbo yake, akajisimika kwenye uzio karibu na pipa. Watu walimwita akakae kwenye kivuli, hakusogea.

Arlys alikuja mezani akiwa juu ya Pickle. Nikajaza bastola ya kwanza bila tatizo. Nikashika ile kuukuu, nusu nyundo, kimlango wazi, nikaanza. Hapo hapo lori la kumwagilia uwanja likapiga honi nyuma yetu. Pickle akaruka kando, bega lake likanipiga, na mimi nikajikuta nimeegemea meza na risasi kiganjani, hesabu yote imeniruka.

"Arlys Hegstad, ingia," kipaza sauti kikasema.

Nilikodolea macho ile bastola. Kukosea ilikuwa puto moja tena, Mama Tisa tena, na Pickle hana Jumamosi nyingine. Kuanza upya muda haukuwepo.

"Umetia moja, ukaruka, ukatia mbili," sauti ya Arlys ikasema kutoka juu. Hakuwa hata ananitazama, alikuwa anamtuliza farasi wake. "Zimebaki mbili."

"Una hakika?"

"Si nimeisikia? Tia."

Nikatia. Mlio, mlio. Nikavuta nyundo, ikalia zake nne, nikaishusha.

Akaingia. Kwa kweli sikumbuki kupumua. Pickle alitoka kama ana miaka sita, Arlys amejikunja juu yake, na maputo meupe yakaanza kupasuka. Moja, mbili, tatu. Alilala ubavu wa kulia kulifuata la nne, akalipata. La tano. Bastola ikarudi kwenye ala, mkono ukavuka, kuukuu ikatoka. Wakalizunguka pipa karibu mno, nikaona goti la Arlys linaligusa, na sasa maputo mekundu matano yamepangwa mstari mmoja kuja kwetu. La sita. La saba. La nane likapasuka, na mimi nilipiga ukelele ambao bado nauonea haya. La tisa.

Kwenye la kumi gumba likateleza. Niliona wazi. Nyundo ilirudi chini kabla haijafika, na puto linakuja, linafika, linapita. Delmar alikuwa ameshika uzio kwa mikono yote miwili, fimbo imeanguka. Arlys hakufanya pupa. Aliigeuza bastola kidogo, akaivuta nyundo kwa kiungo kizima cha lile gumba bovu, akaisubiri, akanyoosha mkono nyuma ya tandiko na kupiga. Puto lilikuwa limeshampita kwa urefu wa farasi. Likapasuka.

"Sekunde thelathini na nne," kipaza sauti kikasema. "Na jamani, ni safi."

Uwanja mzima ulisimama. Mwisho wa siku alishika nafasi ya kumi na sita kati ya watu kumi na tisa, na watu walimshangilia kuliko bingwa.

Mwamuzi wa kike kwenye meza ya kukagulia bastola aliifungua ile kuukuu, akatoa maganda moja moja. Tano. Akazungusha mara moja zaidi akanyanyua bastola juu, nami nikachungulia tundu la sita nikaona mwanga wa upande wa pili. Nililia, na sina haya nalo.

"Si mbaya," Arlys akasema. Hapa kwetu hakuna sifa kubwa kuliko hiyo.

Delmar alikuwa ameshafika akichechemea. Hakumpongeza. Alisema tu, "Ulisubiri ule wa nne."

"Niliusubiri," akasema Arlys.

Akashuka, akampeleka Pickle mpaka kwenye majani nyuma ya mabanda, akajaribu kufungua hatamu. Kifungo kilimshinda. Akajaribu tena, kisha akanyoosha mkono wake, gumba limevimba na limekuwa jekundu, na alikuwa anacheka, na safari hii kicheko hakikuwa cha mdomoni.

"Njoo unifungulie, kijana," akasema. "Hili limemaliza kazi."

Nikakifungua kifungo. Pickle akajikung'uta, akainamisha kichwa, akaanza kula.