Kiti cha Kushoto

Gari letu, kama mengi ya Uvira, lina usukani upande wa kulia. Mume wangu ndiye huendesha, mimi hukaa kushoto, na kila tulipopita kwenye shimo, ko! ko!, kitu kiligonga chini ya nyayo zangu.

"Minye sisikii kitu," alisema kila mara. Fundi wa magari wa mtaa wa Kimanga naye alilijaribu peke yake, ameshika usukani, akarudi anacheka: gari ni zima. Nilichemka kwa hasira!

Siku moja tukienda Luvungi, wazo likanijia ghafla, mpaka nikapiga makofi. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukaa kwenye kiti changu!

"Papa, simamisha. Weye kaa huku, minye naendesha."

Alihamia kushoto, amenuna. Karibu na Nyakabere niliona shimo zuri, nikalielekezea gurudumu la upande wake. Ko! Akakunja miguu kama aliyekanyaga siafu.

"Mama, iko nagonga! Ni rotule, kile kiungo cha gurudumu la huku kushoto, imelegea! Umesikia?"

"Minye sisikii kitu," nikamjibu, huku macho yangu yakitafuta shimo lingine.