Malaika Walionitahiri

Leo muuguzi wa shule amenipaka spiriti mkononi, nikauvuta mkono kama mtoto.

Kisu cha ngariba kilinuka hivyo hivyo siku ya tohara yangu, kisiwani kwetu Nosy Be. Ngariba aliniangalia, akakifunga kisu.

"Huyu hakuumbwa kama wenzake," alimnong'oneza bibi. "Mpelekeni hospitali Mahajanga."

Bibi akatoka mlangoni akiwa anatabasamu. "Malaika wamekwisha kumtahiri!"

Vigelegele vikalia. Binamu yangu, aliyekuwa bado anaugulia kidonda chake, akanizomea: "Mwoga kaponyoka!"

Ndani, mama alikuwa anafunga nguo zangu kwenye leso.

"Tunakwenda wapi, mama?"

"Mahajanga, mwanangu. Kumwona shangazi yako."

"Lakini sina shangazi Mahajanga."

Akakaza fundo.

Hata sasa, nikimuuliza walinifanya nini kule, anakaza fundo la leso yake.