Glasi Iliyoonjwa Uwanja wa Ndege

Mkahawa wa uwanja wa ndege wa Kigali ulikuwa ghorofani, na dirisha lake kubwa lilitazama ndege zikishuka na kupaa. Miaka ile, sisi watu wa mtaa wa Nyamirambo tulikwenda pale kusindikiza mtu au kumpokea. Kula hatukuthubutu, bei zilikuwa za wenye safari.

Mimi nilipelekwa kutazamwa. Baba wa mchumba wangu, mtu wa Dar es Salaam, alikuwa njiani kwenda Ulaya na alibadilisha ndege Kigali. Alikuwa na saa chache za kumjua baba yangu, fundi cherehani, kisha aseme kama posa iendelee au ikomee pale. Baba alivaa suti aliyoishona mwenyewe. Nilimwomba asizungumze sana. Akanijibu kuwa ulimi ni wake, hajauazima kwa mtu.

Mhudumu akaleta soda zikiwa zimeshafunguliwa huko ndani. Nikajua kitakachofuata.

Baba akaisukuma chupa kwa kidole. "Hii soda walifungulia wapi? Rudisha. Sisi huku chupa inafunguliwa mbele ya macho ya mtu."

"Wasiwasi wa nini, mzee mwenzangu?" mgeni akauliza. "Hapa ni uwanja wa ndege."

"Sumu haiulizwi pasipoti," Baba akasema.

Zikaja nyingine na vizibo vyake. Baba akajaza glasi ya mgeni, akaiinua, akanywa funda moja, kisha akampa kwa mikono miwili. Kwetu hakuna heshima inayopita hiyo: mwenyeji anaonja kwanza, kama kuna baya limpate yeye. Lakini mtu wa Dar angejuaje? Alichoona ni mdomo wa fundi cherehani kwenye glasi yake. Akatoa leso, akaufuta ukingo wa glasi polepole, akaiweka mezani. Hakunywa.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Na haya zangu zote zilikuwa kwa baba yangu, si kwa yule mwenye leso.

"Ni heshima ya huku kwetu, Baba," nikamwambia mgeni.

"Naelewa, binti," akasema, leso bado mkononi.

Kumwelezea mtu mwingine baba yako, naye ameketi hapohapo anasikia, ni aibu nisiyomtakia hata adui. Baba akaivuta ile glasi, akainywa yote, akauliza kama ndege za Ulaya huondoka kwa wakati.

Kipaza sauti kilipowaita abiria, mgeni akasimama na kusema posa iendelee. "Binti ana adabu," akasema, kana kwamba adabu hiyo niliiokota njiani.

"Umepata nyumba, mwanangu," Baba akaniambia tukishuka ngazi. "Shukuru Mungu."

Niliolewa Dar. Kila nikimpelekea baba mkwe maji, glasi nimeiosha na kuikausha na mdomo wangu haujaigusa, yeye hutoa leso akaufuta ukingo ndipo anywe. Baba hakuwahi kufika kunitembelea, mwaka ule mbaya wa mauaji ya kimbari ulimchukua kabla. Ziko siku namshukuru Mungu kwamba hakuiona leso ile tena mikononi mwa mtu ninayemhudumia mimi. Halafu nakumbuka ni nini kilichomzuia kufika, na shukrani hiyo inanitia aibu kuliko glasi.