Saa Moja Kando ya Dripu

Miaka ya tisini nilikuwa muuguzi katika hospitali ndogo ya Homa Bay. Mimi ni Mkuria wa upande wa Migori, na Kijaluo changu kilikuwa cha salamu tu, kwa hivyo na wagonjwa tulisemezana Kiswahili.

Siku moja aliletwa mama kutoka Sindo, ameshikwa mkono na mke mwenzake. Ugonjwa wa viungo ulikuwa umempinda vidole, na damu ilikuwa imepungua hadi viganja vikawa vyeupe. Vidonge vya kuongeza damu vilimchafua tumbo, basi daktari akaandika apewe dawa ya madini ya chuma kwa dripu. Dawa ile ilikuwa na sifa mbaya: mwili ukiikataa, mtu anaweza kufa mkononi mwako.

"Mama, umewahi kuchomwa sindano ikakudhuru?"

"Hapana, sista."

Mke mwenzake akainamisha macho. Nikarudia swali, safari hii nikimtazama yeye. Wakabishana kwa Kijaluo, kisha akasema, "Acha anikasirikie. Huko Migori alichomwa sindano, midomo ikavimba, pumzi ikakata."

Mama akaanza kulia. "Niliogopa mtanirudisha nyumbani bila dawa."

"Hakuna wa kukurudisha," nikamwambia. "Tutakwenda polepole."

Nilimkuta daktari ameshashika mkoba wake wa kwenda nyumbani, nikamweleza. Akaniambia sindano ile huenda ilikuwa dawa nyingine kabisa.

"Huenda, daktari. Lakini naomba tumjaribu kwa kiasi kidogo kwanza, nawe uwe karibu."

Akauweka mkoba chini.

Tulitayarisha sindano ya dharura na mtungi wa oksijeni, tukampa kiasi kidogo cha majaribio. Nilikaa kando yake saa nzima nikimpima presha, nikimuuliza kuhusu kifua, koo, ngozi. Hakuna kilichobadilika. Ndipo tukafungulia dripu, tone moja moja.

Baadaye akasema, "Sista, mgongo unabana, na uso una moto."

Nikaifunga papo hapo, nikamwita daktari. Akamsikiliza kifua, akamwangalia ulimi. Presha ilikuwa sawa, na hakuna kilichovimba. Tulingoja mpaka mgongo ukaachia na uso ukapoa kabisa, tukaanza upya, polepole zaidi. Jioni chupa ilikuwa tupu, na mama alikuwa akiomba uji.

Viungo havikupona, dawa ile haikuwa ya viungo. Lakini mwezi uliofuata alipanda ngazi zetu mwenyewe, mke mwenzake akihema nyuma: "Sista, umenifanyia nini? Sasa ananiacha njiani!"

Tangu hapo daktari hakuruhusu dripu ya dawa ile ifunguliwe nikiwa zamu bila kuniita. Wauguzi wapya waliletwa kwangu kujifunza. Nilikuwa na cheti tu, wengine walikuwa na diploma, na nilitembea kifua mbele katika wodi ile mpaka nilipostaafu.