Kulabu za Ng'ombe Kwenye Jabali la Manga

Yule Mzungu aliyetufundisha kupanda mawe nilimdharau tangu siku aliyoshuka na begi lake. Alikuwa mwalimu wa fizikia katika shule yetu ya sekondari, upande wa Nyamira, miaka ya sabini ilipokuwa michanga. Alikuwa na miguu myembamba na alivaa kaptura hata kwenye kikao cha walimu. Jumapili watu wenye akili zao wakienda kanisani au shambani, yeye alikuwa ananing'inia kwenye jabali la Manga kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Kupanda mahali pasipo na kuni, pasipo na asali, wala mbuzi aliyepotea! Nilimcheka karibu mwaka mzima. Halafu siku moja nikajaribu, ili nipate la kumcheka zaidi, nikafika juu, na tangu hapo sikuwa na raha Jumapili yoyote niliyobaki chini.

Tulioambukizwa ugonjwa huo tulikuwa wawili, mimi na mwalimu mwenzangu wa hesabu. Yeye alitoka kandokando ya ziwa, Mkatoliki, mpole, mtu wa kupima jambo mara mbili kisha akalipima tena. Vyumba vyetu viligawana ukuta na sufuria. Yeye hakujua Kigusii na mimi sikujua Kijaluo, kwa hiyo tuliishi kwa Kiswahili chetu cha bara. Nikisema kweli, ndiye rafiki pekee niliyekuwa naye pale shuleni. Wengine wote nilikuwa nimewacheka mpaka wakachoka nami.

Mzungu alipomaliza mkataba wake alituachia kamba yake ya nailoni na misumari yenye matundu aliyoigongomea kwenye nyufa za jabali. Kilichobaki alikibeba. Na kilichobaki ndicho kilichokuwa na maana: kulabu zenye kimlango cha springi, mbilimbili, zimeunganishwa kwa mkanda mfupi. Tuliziita pacha. Mpandaji hufunga kulabu moja kwenye msumari na kupitisha kamba kwenye ya pili, na aliyeko chini huishika ile kamba. Ukiteleza, pacha ya karibu inakudaka. Bila pacha, kamba ni pambo tu.

Alituachia pia karatasi. Humo aliandika namna ya kuchagua pacha za kwanza: chuma kiwe na namba mgongoni inayoonyesha uzito kinaoweza kubeba, kimlango kijifunge chenyewe, mkanda ushonwe kiwandani. Rafiki yangu aliisoma karatasi ile kama barua ya mtume. Akasema tuagize kutoka Nairobi, mbili au tatu kwa wakati mmoja, tusubiri hata mwaka.

"Mwaka mzima unangojea chuma?" nikamwuliza. "Chuma ni chuma, bwana. Wewe unataka chuma chenye cheti cha ubatizo."

"Mimi nataka chenye namba," akasema.

Mimi nilijiona najua chuma kuliko karatasi yoyote. Nilipokuwa mdogo, miaka ya hamsini, baba alinipeleka soko la Nyakoe kununua jembe, na kwetu jembe halinunuliwi kwa macho. Unalining'iniza kwa kidole kwenye tundu la mpini, unaligonga kwa kijiwe, unatega sikio. Likilia wazi na kwa muda, hilo ni jembe. Likijibu kwa kukoroma, lina ufa, mrudishie mwenyewe. Baba aliweza kukataa majembe saba mfululizo huku mwuzaji akimtolea macho, na mimi nikasimama kando nikijiona mtoto wa bingwa. Basi kulabu za Mzungu nilikuwa nimezigonga zamani, alipokuwa haangalii. Zilikuwa nyepesi na zililia kama vijiko vya chai. Niliziona za kitoto.

Nikaenda Kisii mjini, kwenye duka la vyuma. Mwenye duka alinitolea sanduku la kulabu nzito zinazong'aa, zenye kimlango cha springi, nami nikatoa kijiwe mfukoni. Nilizigonga moja moja pale kaunta, wateja wakinikodolea macho. Zilizokoroma nikazisukuma pembeni. Zilizolia nikaziweka upande wangu, nikajisikia baba yangu mtupu.

"Mwalimu, hizi ni za kufungia ng'ombe," mwenye duka akasema. "Za kwenye mnyororo."

"Na ng'ombe ana nguvu kuliko mimi au hana?"

Akazifunga kwenye gazeti. Huyo naye nikamdharau, kwa kuuza kitu asichokijua thamani yake.

Mikanda niliipeleka kwa fundi viatu wa Magwagwa, mzee aliyeshona viatu vya Sabato vya tarafa nzima. Ilikuwa turubai nene ya kufungia mizigo kwenye lori. Alishona kwa uzi wenye nta, mshono juu ya mshono, na hadi leo sina la kusema juu ya kazi yake. Mikanda haikuwa na kosa.

Rafiki yangu alipoziona, hakucheka wala hakugomba. Alizipanga juu ya kitanda chake, akazigeuza moja baada ya nyingine akitafuta namba. Alishika kimlango cha mojawapo kati ya vidole, akakitikisa kidogo, kikacheza.

"Hii kitu inalegea," akasema.

Nikaichukua, nikaigonga kwenye fremu ya dirisha, ikalia vizuri sana. "Umesikia? Au nikuletee Mzungu wako aje akushike mkono?" Kisha nikaongeza mengine. Nikamwambia watu wa ziwani wamezoea mashua, wakiona mawe wanatafuta padri. Nilisema haya mbele ya walimu wengine wawili waliokuwa mlangoni, na walicheka, mara hiyo moja wakiwa upande wangu. Yeye akatabasamu, akazikusanya kitandani, akanirudishia.

Jumapili ile alitoka misa ya asubuhi tukaenda Manga. Zamu ya kutangulia ilikuwa yangu. Nikampa yeye, makusudi, ili apande akizitegemea kulabu zangu na mdomo wake ufungike. Alinitazama kidogo tu. Kisha akajifunga kamba kiunoni, akaanza kupanda, nami nikaishika kamba chini.

Alifunga pacha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipofunga ya nne alikawia, akaigusa mara mbili, akasonga juu yake. Mguu ukateleza. Kamba ikakaza mikononi mwangu, halafu ghafla ikalegea, na yeye akaendelea kuja. Pacha ya tatu ilimdaka, lakini alikuwa ameshapiga ukingo wa jabali kwa mguu wa kushoto. Niliusikia mfupa.

Nilimshusha hadi chini. Kulabu ya pacha ya nne ilikuja na kamba, kimlango chake kimeng'oka, mdomo umenyooka. Akina mama Waadventista waliokuwa wakichuma pareto chini ya jabali walikuja mbio. Mmoja alimtazama rafiki yangu, akanitazama mimi, akaniuliza kwa Kigusii nilikuwa nimepoteza nini huko juu. Tulimbeba kwa blanketi na miti miwili hadi barabarani.

Mfupa ulikuwa umevunjika mahali pawili. Hospitalini walimfunga plasta hadi juu ya goti, na daktari akasema ataishi, lakini atachechemea. Siku ya tatu nilikwenda na ndizi mbivu na hotuba niliyoifanyia mazoezi njia nzima, juu ya springi mbovu, juu ya mwenye duka, juu ya ubaya wa viwanda. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alimenya ndizi.

"Nilijua itafunguka," akasema. "Tangu ile siku kitandani nilijua. Hata pale juu nilijua."

"Sasa kwa nini ulipanda?"

"Ningekataa, ungenicheka mpaka shule ifungwe. Ungewaita na wale wengine mnicheke pamoja." Alisema polepole, bila hasira, kama mtu anayemwonyesha mwanafunzi hatua za hesabu. "Nikapima. Nikaona heri nianguke."

Akanikatia nusu ya ndizi. Niliipokea, na sikuweza kuila.